Tumbo Lisilongoja Asubuhi

Mwaka uliopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Mwanza alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Tulimpa chai ya tangawizi, tukamsomea dua, tukamshauri alale. Alfajiri tumbo lilikuwa limevimba, anatapika, hapati choo wala kujamba. Ndipo mkewe alipotueleza kuwa mzee ana ngiri ya miaka mingi, ile tuiitayo mshipa, naye huificha kwa haya. Alipopasuliwa, kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kuoza. Alinusurika, alhamdulillahi, lakini usiku ule tuliupoteza sisi.

Utumbo huishi kwa damu. Ngiri ikinaswa, au utumbo ukijisokota, mishipa ya damu hubanwa. Wapo pia wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambao damu huwagandia moyoni. Donge likichomoka huweza kuziba mshipa mkuu unaolisha utumbo mwembamba. Huyu hulia kwa maumivu ya ghafla ilhali tumbo lake likibonyezwa bado ni laini, na jamaa wakadhani anadeka. Kisukari, shinikizo la damu na tumbaku huisonga mishipa polepole: mgonjwa huumwa kila alapo, hata akaogopa chakula na kukonda.

Damu ikikatika kabisa, utumbo huweza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Ndugu wa Sengerema wana daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025. Wa Ukerewe bado anategemea kivuko cha Nansio, na safari ya ziwani peke yake hula saa kadhaa. Basi asingoje kupambazuka ndipo atafute msaada. Hospitalini, Bugando au kwingineko, hupewa maji ya mshipani, antibiotiki, na pengine dawa ya kuzuia damu kuganda. Ngiri iliyonaswa haina dawa ila kisu, na utumbo uliooza hukatwa, ncha zilizo hai zikaunganishwa.

Ama haya, mafakihi wameruhusu tabibu aone uchi wa mgonjwa kwa kadiri ya haja. Na aliye mgonjwa Ramadhani ana ruhusa yake katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185.

Mzee wetu amerejea safu ya mbele. Siku hizi huenda mwaloni Kirumba kuwauliza vijana wabeba magunia ya dagaa, bila kupepesa macho, kama wana uvimbe kinenani.