Nyaya za Usimamizi na za Majira katika Ruta

Mawasiliano yakikatika katika ofisi ya kata au kituo cha afya, mwananchi huona jambo moja tu: namba ya malipo haitoki na foleni inarefuka. Hata hivyo, katika ruta kuna nyaya ambazo hazibebi ujumbe wa mwananchi yeyote, nazo mara nyingi ndizo huamua iwapo tatizo litadumu dakika chache au siku nzima. Makala haya yanawahusu watumishi wanaotunza vyumba vyenye mitambo hiyo.

Kabla ya waya mwingine wowote, ruta hufungwa waya wa ethi, nao huwa wa mwisho kuondolewa.

Nyaya za usimamizi ni za aina mbili. Waya wa konsoli huiunganisha ruta moja kwa moja na kompyuta ya fundi, hata kama mtandao wote umezimika. Katika ruta nyingi mawasiliano hayo huanza kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, mwendo wa kobe kwa viwango vya leo, lakini unatosha kwa maandishi. Herufi zikionekana zimevurugika, kasi hiyo ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Waya wa pili, wa itheneti, humwezesha fundi aliye makao makuu ya wilaya kuingia katika ruta bila kusafiri. Kompyuta ya ofisi ikichomekwa katika tundu lake haitapata intaneti, kwa kuwa tundu hilo limetengwa na njia ya watumiaji. Tahadhari moja husahaulika: waya huu ukipitishwa katika mkongo uleule unaobeba data, siku mkongo ukikatika nao hukosa kazi. Ni busara kuuwekea njia ya akiba, kama vile modemu ya laini ya simu.

Tatizo kubwa ni kwamba matundu yanafanana. Konsoli, usimamizi na, katika baadhi ya ruta, majira pia hutumia umbo moja la RJ-45. Kichwa cha waya huingia vizuri, hulia “tik”, kisha hakuna kinachofanya kazi. Yasomwe maandishi yaliyo kando ya tundu, na kila waya ufungwe lebo ncha zote mbili.

Waya wa majira huiletea ruta mapigo ya saa sahihi, kwa kawaida kutoka kwa kipokezi cha setilaiti za GPS. Huhitajika zaidi pale ruta inapohudumia minara ya simu, kwani katika baadhi ya mitandao minara jirani haipaswi kupishana na saa ya marejeo kwa zaidi ya sehemu milioni moja na nusu za sekunde. Kwa kipimo hicho hata urefu wa waya una uzito: kila mita huchelewesha pigo kwa takriban nanosekunde 5, hivyo waya wa mita 40 huchelewesha nanosekunde 200. Fundi hana budi kuupima waya na kuingiza fidia hiyo katika ruta. Waya wa antena unaotoka juu ya paa nao uwekewe kinga ya radi kabla haujaingia chumbani.

Katika ofisi za kata matundu ya majira kwa kawaida huwa matupu. Yaachwe hivyo, na vifuniko vyake vibaki mahali pake. Mtumishi anayeona waya usio na lebo asiuchomoe; awasiliane kwanza na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri.