Seva Zapita Bandarini, Hatari Yabaki Chumbani

Kila seva mpya inayofunguliwa kwenye boksi huja na kijitabu chembamba cha lugha nyingi na herufi ndogo. Mara nyingi hutupwa pamoja na nailoni na vipande vya povu. Ndani yake mna taarifa za usalama na viwango: umeme unaofaa, joto lisilopaswa kuzidi, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya betri, pamoja na sheria za nchi ambazo kiwanda kinasema kimezitimiza. Muuzaji hana habari nacho. Mnunuzi hukikumbuka siku moto umeshawaka na kampuni ya bima inauliza mitambo ilifungwaje.

Biashara ya seva Afrika Mashariki imekua tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Mombasa na Nairobi zina vituo vya data vya iColo, Namanve karibu na Kampala kuna Raxio, Dar es Salaam kuna kituo cha taifa cha Kijitonyama na kile cha kampuni ya Wingu. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeongeza msukumo kwa kuweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Na forodha haizuii: ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia sifuri.

Hata hivyo vituo hivyo vikubwa vina wahandisi wao na vinajua kujilinda. Soko linalonipa wasiwasi ni la hao wengine: SACCO, hospitali ya misheni, chuo, ofisi ya halmashauri. Hao hununua seva mbili tatu, wakaziweka katika chumba kilichokuwa stoo ya mafaili.

Upande wa karatasi, kanda yetu haiko nyuma. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilianza mwaka 2005 kutaka shehena zikaguliwe katika nchi zinakotoka, na TBS ya Tanzania ikafuata mwaka 2012. Vifaa vinavyounganishwa na mitandao ya umma au vinavyotoa mawimbi ya redio huhitaji pia idhini ya mamlaka za mawasiliano, CA kwa Kenya na TCRA kwa Tanzania. Vipimo vyenyewe, aghalabu, vimeshafanywa ng'ambo. Hapo mnunuzi ajue tofauti moja. Alama ya CE ya Ulaya, kwa vifaa kama seva, hubandikwa na kiwanda chenyewe kwa kujitangazia kwamba kimetimiza masharti. Alama ya UL ya Marekani hutolewa na maabara isiyo ya kiwanda. Zabuni nyingi huandika "iwe na CE" kana kwamba kuna afisa wa Ulaya aliyeipima mashine.

Kiwango chenyewe nacho kilibadilika. Kwa miaka mingi vifaa vya kompyuta vilipimwa kwa IEC 60950-1. Kuanzia 20 Desemba 2020, Ulaya na Marekani zilihamia IEC 62368-1, kinachogawa vyanzo vya nishati katika madaraja matatu kwa kadiri vinavyoweza kumdhuru mtu, kisha kudai kinga inayolingana na kila daraja. Kwa seva iliyotengenezwa leo, cheti cha kiwango cha zamani peke yake hakitoshi.

Kwa kilichomo ndani ya boksi, mfumo huu umefanya kazi yake. Shida huanza boksi likishafunguliwa.

Chukua mwinuko. Seva nyingi huuzwa zikiwa na ukomo wa nyuzi joto 35 kwa hewa inayoingia. Wanunuzi wengi huisoma namba hiyo bila mstari unaofuata: juu ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, ukomo hushuka nyuzi moja kwa kila mita 300. Hewa ya juu ni nyepesi, haibebi joto vizuri, feni zikazunguka bure. Kwa hesabu hiyo, Nairobi iliyo karibu na mita 1,800 ukomo wake ni nyuzi 32. Eldoret, yenye kama mita 2,100, ni 31. Chumba kisicho na dirisha, kiyoyozi kikizimika pamoja na umeme huku betri zikiendelea kuilisha seva, huufikia ukomo huo upesi.

Kuna jambo la pili kuhusu milima, na hili wauzaji hawaligusi kabisa. Hewa nyepesi huzuia umeme kuruka kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo nafasi kati ya sehemu zenye umeme ndani ya mashine hukokotolewa kwa matumizi hadi mita 2,000. Ukipita hapo, kiwanda lazima kiwe kimeziongeza. China hudai mashine isiyofaa juu ya mita 2,000 iwekwe alama ya onyo. Mnunuzi wa Eldoret au Addis Ababa ana kila sababu ya kuuliza, tena kwa maandishi.

Pwani ina balaa lake. Hewa ya chumvi na unyevu hula shaba na fedha kwenye bodi, na watengenezaji huweka ukomo wa kutu hiyo katika masharti yao. Anayefungua madirisha Mombasa au Tanga ili kupunguza bili ya kiyoyozi anajiwekea hoja ya kunyimwa dhamana.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni waya wa ardhi. Vichujio ndani ya kisambaza umeme cha seva hupeleka mkondo mdogo kwenye waya wa ardhi saa zote, na hiyo si hitilafu. Mkondo huo ukivuka kikomo kilichowekwa, kiwango hudai onyo kwamba waya wa ardhi uunganishwe kwanza kabla ya umeme. Sasa funga seva kumi kwenye raki moja, zote zikitumia soketi za jengo ambalo waya wake wa ardhi ulikatika au haukuwahi kufika chini. Mikondo inajumlika, fremu ya raki inashika umeme, na fundi anayeigusa ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini. Adapta za mitaani zinazogeuza plagi ya Ulaya iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu huzidisha tatizo, kwa kuwa nyingi haziunganishi pini ya ardhi. Na fundi akumbuke kwamba seva yenye nyaya mbili za umeme haijazimika mpaka zote mbili zichomolewe.

Adapta hizo huja sana na seva za mtumba, soko ambalo silidharau. Benki ya Ulaya ikibadilisha mitambo, mashine yenye nguvu ya kutosha hufika kwetu, mara nyingine kupitia Dubai, kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Kanuni ya Ulaya iliyoanza kutumika Machi 2020 inawasaidia wanunuzi hawa bila wao kujua: seva ziwe na uwezo wa kufuta data kwa usalama, na masasisho ya usalama ya programu dhibiti (firmware) yapatikane bure kwa miaka minane tangu modeli ikome kuuzwa. Kwa upande wa pili, tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zipate ridhaa ya nchi inayozipokea kabla ya kusafirishwa. Asiye na ushahidi kwamba seva zake zimepimwa na zinafanya kazi anaweza kukuta shehena yake imehesabiwa kuwa taka.

Cha kuepuka kwenye mtumba ni betri za UPS, yaani za akiba umeme ukikatika. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, wakati mafundi wakihamisha betri za lithiamu zilizofungwa mwaka 2014 na ambazo muda wake wa dhamana ulikuwa umepita. Zaidi ya mifumo 600 ya serikali ilisimama. Ikiwa nchi tajiri namna ile imeumia hivyo, stoo ya mafaili yenye betri kuukuu chini ya meza haina utetezi.

Mamlaka za nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, hutoa leseni kwa mafundi umeme, kwa hiyo mtu wa kuwajibika yupo kisheria. Tatizo ni kwamba katika zabuni kazi yake humezwa ndani ya bei ya seva, na ndiyo ya kwanza kukatwa muuzaji anaposhindana kwa bei. Itengeni. Andikeni ufungaji kama kazi yenye bei yake, mdai kipimo cha upinzani wa waya wa ardhi na joto la hewa mbele ya raki mitambo ikifanya kazi, vikiwa na jina na namba ya leseni ya fundi, kabla ya kulipa awamu ya mwisho.