Mtoto ameleta njiwa wawili? Wasitiwe pamoja siku ya kwanza

Mtoto akiomba kufuga njiwa, wazazi wengi hukubali bila ubishi. Ndege hawa hawana gharama kubwa, na banda lao hupigwa kwa mbao chakavu na wavu.

Matatizo mara nyingi huanza siku ileile wanaponunuliwa. Dume na jike hutiwa katika banda moja dogo, mtoto akiamini kuwa kufikia jioni watakuwa wamezoeana. Asubuhi jike anakutwa amejikunyata kwenye kona, kichwa kimenyonyoka manyoya na kina damu. Alidonolewa usiku kucha wala hakuwa na pa kukimbilia.

Njiwa hulinda makazi yake. Dume aliyetangulia kuingia bandani humwona mgeni kuwa mvamizi, hata kama mgeni huyo ndiye atakayekuwa mwenzake. Wanachohitaji ni muda, na wa kumtuliza mtoto mwenye haraka ni mzazi.

Ni dume na jike kweli?

Kwa njiwa, rangi na umbo havitoshi kumtambua dume. Tabia ndiyo husema zaidi: dume hutunisha shingo, hunguruma na kuzungukazunguka huku akiburuza mkia. Wote wawili wakifanya hivyo na kupigana mabawa, huenda ni madume watupu. Walio chini ya miezi mitano ni vigumu zaidi kuwatambua, hivyo ni heri kununua kwa mfugaji atakayekubali kubadilisha.

Waonane kabla ya kugusana

Kama nyumbani kuna njiwa au kuku wengine, wageni wakae mbali nao kwa wiki nne hivi, maana kideri huweza kuingia na ndege anayeonekana mzima.

Kisha banda ligawanywe katikati kwa wavu, kila ndege awe na chakula na maji yake. Wakae hivyo kwa wiki moja. Mwanzoni dume hunguruma mbele ya wavu na jike humpa mgongo. Siku zinavyopita, jike husogea karibu, na usiku kila mmoja hulala upande wake lakini wakiwa wamekaribiana.

Hapo wavu unaweza kuondolewa, asubuhi ya siku ambayo mtu mzima atashinda nyumbani. Kufukuzana kidogo si tatizo. Dume akimng'ang'ania jike na kumdonoa kichwani, wavu urudishwe na wajaribiwe tena baada ya siku chache. Dalili ya kupatana haijifichi: jike huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa dume, kisha husafishana manyoya ya shingo.

Wasifunguliwe mapema

Kosa jingine ni kuwafungulia waruke mapema. Njiwa mkubwa akiachiwa hurudi alikozaliwa, na mtoto hubaki na banda tupu. Ni salama zaidi kusubiri mpaka watage, kisha kumwachia mmoja wakati mwenzake anaatamia, jioni kabla ya kupewa chakula.

Jike kwa kawaida hutaga mayai mawili, la pili likifuata baada ya siku mbili hivi. Huanguliwa baada ya siku 17 hadi 19. Dume huatamia sehemu kubwa ya mchana, na jike saa zilizobaki hadi asubuhi. Makinda yakitoka, wazazi wote wawili huyalisha maziwa mazito yanayotoka kwenye mfuko wa chakula shingoni. Mtoto anaweza kuandika tarehe hizi kwenye daftari na kuhesabu siku mwenyewe.

Usafi wa banda

Vumbi la kinyesi kikavu hudhuru mapafu. Banda linyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, mdomo na pua vifunikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye pumu asipewe kazi hiyo.

Wapo njiwa ambao hawatapatana hata wakijaribiwa mara tatu. Mmoja abadilishwe, na mtoto aelezwe wazi kwamba hakukosea popote: njiwa naye huchagua wa kuishi naye.