Mabomu ya 1940 na hati za reli ya chini ya ardhi ya London
Na Mwandishi Wetu

MWEKEZAJI anayeitazama kampuni ya usafiri wakati wa vita huanza kwa kuhesabu njia zilizokatika na mabehewa yaliyoharibika. Historia ya reli ya chini ya ardhi ya London katika Vita Kuu ya Pili inaonyesha kwamba hesabu hiyo peke yake haitoshi. Mabomu yaliua watu na kufunga vituo, lakini njia ziliunganishwa tena baada ya wiki au miezi michache. Kipato cha mwenye hati kiliamuliwa na mkataba uliofungwa kati ya serikali na makampuni ya reli.

Tuanze na mali yenyewe. Kuanzia Julai 1, 1933, reli hiyo pamoja na mabasi na tramu za jiji viliwekwa chini ya Bodi ya Usafiri wa Abiria ya London. Wenye hisa katika makampuni ya zamani walipewa hati za bodi hiyo za madaraja mbalimbali. Hati za madaraja ya juu zilikuwa na riba maalumu. Zile za daraja C zilitegemea mapato: kiwango kilichowekwa kilikuwa asilimia 5.5 kwa mwaka, nacho hakikufikiwa hata mara moja. Hivyo biashara ilipoyumba, mwenye daraja C ndiye aliyeguswa kwanza.

Tiketi ya peni moja na nusu

Mashambulizi makubwa ya ndege za Ujerumani yalianza Septemba 7, 1940, na London ikapigwa usiku 57 mfululizo. Serikali haikutaka vituo vigeuzwe maficho, kwa kuhofia kwamba treni zingeshindwa kufanya kazi. Wananchi walipata njia yao. Walinunua tiketi ya bei ndogo kabisa, peni moja na nusu, wakashuka chini na kukataa kutoka. Usiku wa Septemba 27 walihesabiwa watu wapatao 177,000 waliolala humo.

Bodi ililazimika kutumia jukwaa lile lile kwa kazi mbili. Mistari miwili ilichorwa sakafuni: hadi saa 1:30 jioni waliokuja kulala walikaa umbali wa futi nane kutoka ukingo wa jukwaa ili abiria wapite, na baada ya hapo walisogea hadi futi nne. Treni maalumu zilipeleka chai na vyakula vituoni.

Panapokuwa na uhaba, mlanguzi hakosekani. Wapo waliowahi nafasi mapema na kuziuza kwa shilingi mbili na peni sita. Hiyo ni mara 20 ya bei ya tiketi, na hakuna hata peni moja iliyoingia katika vitabu vya bodi.

Palipovunjika

Mahandaki ya kina kirefu yalistahimili vizuri. Udhaifu ulikuwa kwenye kumbi za tiketi, ngazi za umeme, sehemu zilizo karibu na uso wa ardhi, na njia zinazopita chini ya mto Thames. Kwa ajili ya mto, milango mizito ya chuma ilifungwa ndani ya mahandaki ili bomu moja lisije likaingiza maji katika mtandao mzima.

Kituo cha Bounds Green kilipigwa Oktoba 13, 1940, na waliojificha humo wakauawa. Usiku uliofuata ilikuwa zamu ya Balham, kusini mwa jiji. Bomu lilichimba barabara juu ya kituo, likapasua mabomba ya maji safi na maji machafu, na tope likamiminika ndani ya handaki. Watu zaidi ya 60 walikufa. Basi moja lilitumbukia katika shimo lile. Hata hivyo, treni zilipita tena hapo Januari 1941.

Mwezi huo huo, tarehe 11, bomu lilipiga kituo cha Bank, jirani na Benki Kuu ya Uingereza, na kuua watu zaidi ya 50. Wahandisi wa jeshi walijenga daraja la muda juu ya shimo ili magari yaendelee kupita katikati ya eneo la fedha. Kituo kilifunguliwa baada ya miezi miwili hivi.

Mkataba

Serikali ilikuwa imeshika usimamizi wa reli, pamoja na bodi ya London, tangu Septemba 1939. Katika mapatano ya kwanza, mapato yaliwekwa katika mfuko mmoja wenye kima cha chini kilichodhaminiwa, na gharama za kurekebisha uharibifu wa vita zilihesabiwa ndani ya matumizi hadi kiwango fulani.

Mapatano hayo yalibadilishwa kuanzia 1941. Serikali ikakubali kulipa kiasi maalumu cha paundi milioni 43 hivi kila mwaka kwa kundi zima, na fungu la bodi ya London likawa karibu paundi milioni 4.8. Mwenye hati akapata kinga: bomu likianguka, fungu halipungui. Lakini abiria na mizigo ya vita viliongezeka, mapato ya kundi yakapita mbali kiasi hicho, na ziada ikaenda Hazina. Aliyekingwa na hasara alikuwa ameiuza faida pia.

Mfano wa njia ya Central unaeleza zaidi. Upanuzi wake wa mashariki ulisimama kwa sababu ya vita, na kampuni ya Plessey ikatumia mahandaki mapya, kati ya Wanstead na Gants Hill, kama kiwanda cha vipuri vya ndege chenye wafanyakazi wapatao 2,000. Abiria walianza kupita humo Desemba 14, 1947. Siku 18 baadaye, Januari 1, 1948, bodi ilitaifishwa, na wenye hati wakapewa dhamana za serikali zenye riba ya asilimia 3, fidia ikikokotolewa kwa bei za Soko la Hisa. Waliongoja njia hiyo kwa miaka yote ya vita hawakuonja mapato yake.

Kwa msomaji anayefikiria kununua hisa au hati fungani za bandari, reli au umeme mahali penye hatari, kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Nani analipia matengenezo mali ikipigwa? Ziada ikipatikana, inaingia mfuko wa nani? Na serikali ikitaka kuichukua mali hiyo, bei itapangwa kwa kipimo gani? Majibu yatafutwe katika mkataba, na yasipokuwemo, bei ya hati ishuke kwanza.