Mpira wa Siku za Kazi
Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe Makao Makuu, na mji ukawasubiri watumishi kwa miaka mingi. Leo wamefika. Mwaka 2020 timu ya Dodoma Jiji nayo ikapanda Ligi Kuu. Lakini mchezo unapopangwa Jumatano saa 8 mchana katika Uwanja wa Jamhuri, mtumishi yumo ofisini hadi saa 9:30, mwanafunzi wa Chuo Kikuu yumo darasani, na mchuuzi wa Majengo hawezi kuacha meza yake. Majukwaa yakiwa matupu, timu hukosa kiingilio na wachezaji hukosa sauti ya nyumbani. Ndugu zetu wa Visiwani, waliozoea kwenda Amaan usiku, wanalielewa jambo hili. Tunawasihi wapangaji wa ratiba waitazame kwanza saa ya mwananchi.