GARI LA ZAMANI LINAPOFUFULIWA, JASHO LA NANI LINAONEKANA?

Huko Marekani wako watu wanaopita mashambani wakitafuta magari mabovu. Si ya kuuza vyuma chakavu. Wanatafuta magari ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyoachwa kwenye mabanda, kuku wanataga juu ya viti na panya wamekula nyaya zote. Gari kama hilo huvutwa kwa kamba hadi gereji, na baada ya miezi mingi, pengine miaka, hutoka linang'aa na kuunguruma.

Mtu wa kiwandani au wa shambani anaweza kuuliza: mchezo huo wa wenye pesa unatuhusu nini sisi? Unatuhusu, kwa sababu ukilibandua gari rangi yake unakutana na mfanyakazi.

Chukua mfano wa Chevrolet Bel Air ya 1957, gari lenye mabawa ya bati nyuma kama ya samaki. Kifuniko cha petroli kimefichwa ndani ya bawa la kushoto. Mwaka huo Chevrolet ilitoa magari yapata milioni 1.5 ya namna mbalimbali. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya bawaba, utaona kibati chenye namba. Kikianza na VC57F, maana yake ni hii: V ni injini ya silinda nane, C ni Bel Air, 57 ni mwaka, na F ni Flint, mji wa jimbo la Michigan ambako gari liliunganishwa. Jina la tajiri limeandikwa mbele ya gari kwa herufi kubwa. Mji wa wafanyakazi umebakiwa na herufi moja tu, tena imefichwa mlangoni.

Lakini herufi hiyo ina historia. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors huko Flint waligoma kwa namna ambayo matajiri hawakuizoea. Hawakutoka nje. Walizima mitambo, wakakaa ndani ya kiwanda kando ya mashine zao, ili asiingizwe mtu mwingine kufanya kazi yao. Madai yao makubwa yalikuwa kwamba kampuni ikitambue chama chao, UAW. Usiku wa tarehe 11 Januari 1937 polisi waliwashambulia kwa mabomu ya machozi na risasi. Wafanyakazi walijibu kwa maji ya mipira na kwa kuwatupia bawaba za milango ya magari, zile zile walizozifunga kila siku. Wengi walijeruhiwa, lakini hawakuondoka. Wake zao na dada zao nao walijipanga kuwatetea. Tarehe 11 Februari 1937, siku ya 44, kampuni ilikubali kukitambua chama. Kwa hiyo Bel Air ya 1957 iliyotoka Flint iliundwa na watu wenye chama na mkataba.

Sasa tuingie gereji tuone kazi yenyewe, maana fundi ni fundi popote.

Jambo la kwanza ni subira. Gari lililolala miaka ishirini haliwashwi siku lililofika. Pete za pistoni huwa zimeshikana na silinda kwa kutu, na ukilazimisha kwa betri utavunja. Fundi mwenye akili hufungua plagi zote nane, humimina mafuta mepesi katika kila silinda, huacha yaingie kwa siku kadhaa, kisha huizungusha injini kwa mkono na spana ndefu, taratibu. Haraka haraka haina baraka.

Pili, petroli ya zamani humwagwa yote. Ikikaa sana hugeuka utomvu unaonata na kuziba kabureta.

Tatu ni breki, na hapa hakuna mzaha. Gari la 1957 lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Ni tangu magari ya 1967 ndipo viwanda vya Marekani vilipoanza kwa jumla kuweka njia mbili. Kwa hiyo mabomba na mipira yote hubadilishwa kabla gari halijatembea hata hatua kumi.

Nne ni kutu. Bati lililooza chini ya milango na sakafuni hukatwa mpaka pafikiwe chuma kizima, ndipo bati jipya linachomelewa. Kupaka lami na rangi juu ya kutu ni kujidanganya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu wafanyakazi, kuna jambo la tano ambalo halionekani katika picha za magari yanayong'aa. Lainingi za breki za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Viungo vya bodi vilijazwa risasi iliyoyeyushwa, kisha vikasuguliwa kwa tupa, na rangi nyingi nazo zilikuwa na madini hayo. Anayefufua gari leo hukutana na sumu zile zile alizozivuta aliyeliunda. Vumbi la asbesto halikuui leo wala kesho. Hukaa kifuani miaka mingi, kisha huleta saratani. Marekani yenyewe ilingoja hadi Machi 2024 kutoa amri ya kupiga marufuku aina ya asbesto iliyokuwa bado ikitumika humo, zikiwemo lainingi za breki.

Petroli yake pia ilitiwa risasi. Mwezi wa Oktoba 1924, wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo mahali ilipokuwa ikitengenezwa huko New Jersey. Hata hivyo iliendelea kuuzwa duniani, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Onyo la kwanza lilitolewa kwa maiti za wafanyakazi, na dunia ikachukua miaka 97 kulisikiliza.

Hivyo, wewe unayefanya kazi gereji ya kiwanda au karakana ya shamba, usipulize vumbi la breki kuukuu kwa upepo wa kompresa, wala usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Usipige msasa mkavu rangi ya zamani. Usile chakula kabla ya kunawa, wala usirudi na nguo za kazi kwa watoto. Na kinyago cha kufaa kidaiwe kwa mwajiri kupitia chama, kwa sababu hicho ni kifaa cha kazi kama spana ilivyo kifaa cha kazi.

Na Flint ikoje? Karibu mwaka 1978 General Motors iliajiri watu wapatao 80,000 katika mji huo na viunga vyake. Miaka arobaini baadaye hawakufika 10,000. Kiwanda kikubwa cha Buick kilifungwa mwaka 1999. Majengo mengi yalibomolewa, yakabaki majani na saruji.

Hapo ndipo penye fumbo. Gari la 1957 lililotupwa bandani hupata mtu wa kuliokota, kulisafisha na kulitafutia vipuri. Mji uliolizaa uliachwa barabarani kama gari lililoishiwa mafuta. Hatusemi gari lisifufuliwe. Kazi njema ya mikono inastahili heshima, na fundi anayeirudisha anamheshimu aliyemtangulia. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chuma kinaweza kungoja bandani miaka hamsini, kisha kikarudi barabarani. Kifua cha mfanyakazi hakina vipuri.