Taa Kuwaka Si Ushahidi

Ukikaa Lodwar, Turkana, kwa muda utasikia mtu akisema, "Friji ya hapo inashika." Maana yake ni kwamba ukiugusa mlango wake bila viatu, vidole vinasisimka na unaurudisha mkono kwa haraka. Mwenye duka huweka kipande cha ubao mbele ya friji hiyo, au huwakataza wateja wasiiguse mpaka yeye avae akala zake aje kuwafungulia. Biashara inaendelea. Soda ni baridi, taa zinawaka, na aliyefunga nyaya za duka hilo alishalipwa zamani na bado anasifiwa kuwa fundi mzuri.

Mimi ni fundi wa stima, na nataka kuanzia kwenye friji hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha ugumu wa kumpata fundi wa kuaminika hapa mtaani kwetu Kanamkemer. Kazi mbovu ya seremala utaiona siku mlango ukikataa kufunga. Kazi mbovu ya fundi wa mabomba itakulowesha. Kazi mbovu ya stima hujificha miaka na miaka. Taa inahitaji nyaya mbili tu ili iwake. Waya wa tatu, ule wa rangi ya kijani na manjano unaoshuka ardhini, hauwashi kitu chochote. Fundi aliyeuacha ukining'inia ndani ya ukuta atakuwashia taa sawasawa na mwenzake aliyefanya kazi yote kwa uaminifu. Ndiyo maana swali la kawaida tunaloulizana majirani, yaani "alikufanyia kazi, na stima inawaka?", halimtambulishi fundi hata kidogo.

Waya huo wa tatu una kazi moja. Siku waya wenye moto utakapochubuka ndani ya friji na kugusa bati lake, stima ipate njia ya kukimbilia ardhini badala ya kusubiri mkono wako. Ikipata njia nzuri, inakimbia kwa wingi, breka inahisi wingi huo na kukata. Ikikosa njia nzuri, inavuja kidogo kidogo, breka haihisi kitu, na bati la friji linabaki na moto wa volti 240 likimngoja mtu mwenye miguu mitupu.

Sasa angalia udongo tunaoukanyaga. Lodwar hupata mvua ya kama milimita 200 kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mchanga wetu ni mkavu kiasi kwamba ukichimba kwa mkono unamwagika kama sukari. Mchanga mkavu haupitishi stima vizuri. Fimbo ya shaba ya futi nne ya kushushia waya huo wa tatu ardhini, ambayo fundi angeipigilia Kitale kwenye udongo mwekundu wenye unyevu na kwenda zake, hapa inaweza kuwa pambo tu.

Tufanye hesabu. Tuseme fimbo yako, kwa sababu ya ukavu, ina ukinzani wa omu 200. Gawa volti 240 kwa 200, unapata ampea 1.2. Breka ya soketi zako imeandikwa ampea 32, na ili ikate papo hapo inahitaji mara kadhaa ya hizo. Ampea 1.2 ni kidogo mno kwake: breka itaitazama ikipita mchana kutwa na usiku kucha. Lakini miliampea 30, yaani sehemu ndogo sana ya hiyo ampea 1.2, zikipita kifuani mwa mtu kwa muda zinatosha kumfunga pumzi.

Kuna kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya hatari hii. Mafundi wanakiita kwa herufi zake, RCD. Hakisubiri stima iwe nyingi. Kinalinganisha inayotoka na inayorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 kinakata mara moja. Kwa fimbo ile ile ya omu 200, ampea 1.2 zinazovuja ni mara 40 ya kiasi kinachohitajika kukifanya kikate. Katika nchi kavu kama hii, nyumba isiyo na kifaa hiki imeachwa wazi, na fundi anayekuambia kwamba breka za kawaida zinatosha hajaifikiria Turkana. Anakumbuka alikofundishwa.

Kwa hiyo mtu akija kukufanyia kazi, usianze na bei. Muulize, "Fundi, ardhi utaipimaje?" Nimesikia majibu ya kila namna. Wengi watakuambia, "Mama, hapo hakuna shida," wakitoa ile testa ya bisibisi mfukoni. Testa hiyo inakuonyesha waya upi una moto, basi. Kuhusu ardhi haijui lolote. Anayeijua kazi yake atakuambia ana kipimo chenye nyaya ndefu na vijiti vya kuchomeka kwenye udongo, au atakiazima kwa mwenzake. Atakuuliza pia maji ya bafu yako yanamwagikia wapi, kwa sababu hapo ndipo pazuri pa kupigilia fimbo, penye unyevu wa kila siku. Huenda akataka fimbo mbili zilizounganishwa ziende chini zaidi. Ukisikia hivyo, mpe kiti.

Wazee wa kazi hii hutia chumvi na makaa kwenye shimo la fimbo. Husaidia kwa muda, kisha chumvi inaila shaba na baada ya miaka michache unabaki na waya uliofungwa kwenye kutu. Kuna wengine wanaofunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji, kama zamani, ilhali mabomba ya siku hizi ni plastiki. Kibaya kuliko yote ni ile hila ya kuunganisha waya wa ardhi na nyutro, yaani waya wa kurudishia stima, ndani ya soketi ili kipimo cha haraka kionyeshe kwamba ardhi ipo. Siku nyutro ikikatika, kila chombo cha chuma kilichochomekwa kwenye soketi hiyo kinakuwa na moto. Ukimwona fundi akifanya hivyo, msimamishe kazi hapo hapo, hata kama ni mtoto wa ndugu yako.

Jambo la pili la kumpimia fundi ni joto. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 kwa urahisi, na juu ya dari, chini ya mabati, hali ni mbaya zaidi. Waya wa kawaida wa plastiki hupewa uwezo wake kwa hesabu ya hewa ya nyuzi 30. Hewa hiyo ikifika nyuzi 50, waya unabaki na asilimia 71 tu ya uwezo wake. Ikifika 60, nusu. Waya uliofaa ampea 20 kule nyanda za juu, darini kwako unabeba 14. Ndiyo sababu plastiki ya nyaya zetu hukauka na kupasuka mapema, na panya akipita anamalizia. Fundi anayeujua mji huu hupitisha nyaya ukutani kadiri awezavyo, au huchagua waya mnene kuliko kawaida: pale wengine wanapoweka milimita za mraba 2.5 kwenye soketi ya kiyoyozi, yeye ataweka 4 na hatabishana nawe kuhusu gharama, atakueleza.

Waya wenyewe uukague. Mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, rudisha. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, huwa na namba ya kibali chini yake. Andika SM#, fuatisha namba hiyo, tuma kwa 20023, na utajibiwa kibali ni cha nani.

Tuje kwenye karatasi. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo inayotoa leseni za mafundi wa stima chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Madaraja yake huanzia C-2, linalohusu kazi ndogo kama za nyumba za kawaida, hadi A-1. Leseni ina jina, namba na tarehe ya kuisha, na majina ya wenye leseni yanaweza kutafutwa kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Kuomba kuiona si kumvunjia mtu heshima. Nyumba mpya haiungwi stima na Kenya Power bila cheti cha kukamilisha kazi kilichotiwa sahihi na mwenye leseni, na hapo ndipo penye mlango wa nyuma tunaoujua sote: mtu asiye na leseni anafunga nyaya, kisha anatafuta wa kumwazima sahihi na muhuri. Mwenye muhuri hajawahi kuiona nyumba. Kwa hiyo usiridhike na muhuri. Mwenye sahihi na aje mwenyewe, apande ngazi, apime ukiwa umesimama, na aandike alichokipata kwa tarakimu.

Pia fahamu mpaka. Kuanzia mita kurudi kwenye nguzo ni mali ya Kenya Power. Fundi wako haruhusiwi kukata lakiri ya mita wala kuugusa waya unaoingia. Tatizo likiwa upande huo, piga 97771 au tumia *977#. Stima yetu hupanda na kushuka, na watu wengi huwalaumu mafundi kwa hilo bila sababu. Tatizo liko kwenye ugavi wenyewe: bwawa la Turkwel limekuwa likizalisha umeme tangu 1991, megawati 106, likiupeleka Lessos kupitia nyaya kubwa, huku Lodwar ikiendelea kwa miaka mingi na jenereta za dizeli. Basi kinga friji yako kwa kifaa cha kuilinda dhidi ya volti zinazoyumba, lakini usikubali fundi avitumie visingizio vya Kenya Power kufunika kiungo alicholegeza mwenyewe.

Je, utafute fundi wa hapa au wa kutoka nje? Tangu kaunti ianze 2013 na nyumba za kukodisha zijengwe kwa wingi, tumezoea kuleta mafundi kutoka Kitale na Eldoret. Wapo hodari sana. Lakini Kitale ni mwendo wa kama kilomita 300, na kiungo kikilegea mwezi wa tatu fundi wa huko hatapanda basi kuja kukaza skrubu moja. Mimi nampendelea anayekaa umbali wa bodaboda, ambaye mama yake ananunua mboga soko moja nawe. Aibu ya mtaani ina nguvu, na anayejua kwamba utakutana naye Jumapili hufunga boksi vizuri.

Wengi wa vijana hao wa hapa hawana leseni, na hili lisemwe kwa haki. Wapo waliojifunza chuo cha ufundi wakaishia na cheti cha daraja la tatu cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na wapo waliojifunza kwa kumfuata fundi mkubwa. Kakuma, kwenye kituo cha Don Bosco ndani ya kambi ya wakimbizi, vijana wakimbizi na wenyeji wamefundishwa ufundi wa stima kwa miaka mingi, na nimekutana na mikono ya huko iliyo safi kuliko ya wenye mihuri. Mtu wa namna hiyo usimfukuze. Muajiri afanye kazi chini ya mwenye leseni atakayepima na kusahihisha kabla ya ukuta kufungwa, kisha msukume akafanye mtihani wa NITA unaofuata. Kakuma pia nyumba nyingi zimeungwa kutoka kwenye jenereta za wafanyabiashara kwa nyaya zinazovuka njia, na huko swali la ardhi na RCD ni zito zaidi, kwa sababu hakuna anayekuja kukagua.

Kwa sola, leseni ni nyingine: kanuni za 2012 zinawapanga mafundi T1, T2 na T3, na mfumo mkubwa wa nyumba au wa kuunganishwa na gridi ni kazi ya T3. Muulize betri ataiweka wapi. Betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Akiiweka kwenye kibanda cha mabati nje, anakuuzia betri nyingine mapema.

Malipo yawe kwa awamu. Vifaa nunua mwenyewe dukani, na risiti ibaki kwako. Arubuni ndogo, sehemu ya pili nyaya zikiwa zimeonekana kabla ya plasta, na iliyobaki ikiwa mkononi mwako mpaka kipimo kiandikwe.

Leo jioni, kabla hujampigia fundi yeyote, fungua kisanduku cha breka nyumbani kwako. Tafuta kitufe kidogo kilichoandikwa T, ukibonyeze. Stima ikikatika, rudisha swichi juu na ufanye hivyo kila mwezi. Isipokatika, au kitufe chenyewe kikikosekana, vaa viatu vya mpira unapofungua friji, waambie watoto wasiiguse, na mtafute fundi mwenye kipimo cha ardhi kesho asubuhi.